Alama za rezo zimejaa, lakini simu haipiti: juu ya nini?

Milio ya risasi inasikika upande wa kilima, ao ardhi inatetemeka, ao mbingu juu ya Nyiragongo inakuwa nyekundu. Dakika ileile kila mtu anashika simu, na dakika ileile simu zinakataa. Mitaani utasikia: « Rezo wameshakata! » Kuna siku ni kweli. Lakini kuna siku nyingine antene iko inafanya kazi, alama za rezo zimejaa, na bado hakuna kinachopita. Siku hizo shida iko mahali ambapo hatupaoni: simu zetu zinagongana wakati zinaomba zamu ya kuongea. Leo tunaeleza namna zinavyogongana, nani anapaswa kupunguza shida hiyo, na kile ambacho familia inaweza kupanga kabla ya usiku mbaya kufika.

Njia ya kushuka na njia ya kupanda

Kila simu unayopiga inatumia njia mbili. Njia ya kushuka inatoka kwenye antene inakuja kwenye simu yako. Njia ya kupanda inatoka kwenye simu yako inaenda kwenye antene. Sisi tunaziona kama kitu kimoja, lakini zinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Kwenye njia ya kushuka, msemaji ni mmoja. Antene iko juu ya mlingoti wake, inatumia makumi ya wati, na inajua yenyewe inatuma nini na kwa nani. Inajipanga peke yake. Kwenye njia ya kupanda, wasemaji ni mamia. Kila mmoja ana betri yake ndogo: simu ya 4G inatuma kwa nguvu isiyofika hata robo ya wati. Tena simu hizo hazisikilizani. Aliye Himbi hawezi kujua kama aliye Katindo ameanza kutuma sekunde hiyohiyo. Anayezisikia zote ni antene, na zikifika pamoja kwenye nafasi moja, antene inasikia kelele tu.

Sasa angalia zile alama ndogo za rezo juu ya kioo cha simu. Zinapima njia ya kushuka, ni kusema namna simu yako inavyoisikia antene. Hazikuambii kama antene inakusikia wewe, wala watu wangapi wanagombania nafasi pamoja na wewe. Ndiyo maana alama zinaweza kujaa zote na simu ikakataa mara kumi.

Wazee wa phonie walilijua jambo hili

Kabla ya simu za mkononi kuenea, vijiji vingi vya Kivu, Maniema na Ituri viliongea kwa phonie. Parokia zilikuwa nayo, zoni za afya, makampuni ya ndege ndogo, wafanya biashara wa Walikale na Shabunda. Kila aliyekaa karibu na phonie anakumbuka kanuni yake ya kwanza: anayebonyeza anaongea, wengine wananyamaza. Ukimaliza unasema « à vous ». Watu wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayeelewa kitu, ni mlio tu wa kukwaruza masikio.

Kwa hiyo walipanga zamu. Asubuhi, kwa saa iliyojulikana, kituo kikubwa kilifungua na kuita vituo vidogo kimoja kimoja. Kila kituo kilijibu kikiitwa: wagonjwa wangapi, dawa gani imekwisha, ndege inaweza kutua ao uwanja umejaa matope. Aliyeita ndiye aliyetawala hewa, na kazi ilipita bila fujo.

Lakini palibaki swali moja. Kama kituo kidogo kina habari ya haraka, mama anavuja damu na zamu bado haijafika, kinafanya nini? Kinangoja nafasi ndogo katikati ya maneno mawili, kinabonyeza, kinataja jina lake. Kama kituo kingine nacho kimebonyeza nafasi ileile, majina mawili yanagongana na hakuna linalosikika.

Rezo ya simu ina mambo hayohayo mawili. Kuna kupanga zamu kwa wale ambao tayari wako kwenye orodha. Na kuna kuingia kwenye orodha. Jambo la kwanza mafundi wamelitatua vizuri sana. Jambo la pili ndilo linatusumbua siku ya hatari.

Ukishaingia, kila kitu kina zamu

Ukiisha kupokelewa, antene inafanya kazi ya yule mtu wa kituo kikubwa, lakini kwa mwendo ambao mtu hawezi. Kwenye 2G, ile inayobeba simu nyingi za vijijini mpaka leo, kila mkondo wa mawimbi umekatwa vipande 8 vya muda vinavyozunguka. Kipande kimoja ni chako, kile cha pembeni ni cha mwingine, na kwa kawaida kimoja kinawekwa kwa mambo ya rezo yenyewe. Ndiyo kusema mkondo mmoja unabeba maongezi kama 7 ya kawaida kwa wakati mmoja. Wa nane anaambiwa rezo imejaa, hata kama hakuna kilichoharibika.

Kwenye 4G zamu inapangwa upya kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Antene yenye mkondo wa megahezi 10 ina vyumba 50 vya kugawa kila mara. Simu yako inasema: nina kitu cha kutuma, ukubwa wake ni huu. Antene inajibu: tumia vyumba hivi, wakati huu, kwa nguvu hii. Hutumi kitu bila ruhusa. Aliye mbali anaambiwa hata aanze mapema kidogo kuliko aliye karibu, ili sauti zote zifike kwa antene kwa wakati uliopangwa. Mawimbi yanakimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, lakini hata hivyo kilometa 3 zinakula sehemu 10 za milioni ya sekunde, na kuchelewa huko kunatosha kuharibu zamu ya jirani. Kwa 2G ya kawaida hesabu hiyo inafika mwisho kwenye kilometa 35 hivi. Zaidi ya hapo, hata kama uko juu ya kilima na mlingoti unauona kwa macho, antene haiwezi tena kupanga zamu yako.

Kwa mpango huu, simu zilizo ndani ya orodha hazigongani. Kama kila mtu angekuwa ndani ya orodha siku zote, tusingeandika habari hii. Lakini simu iliyo mfukoni haiko na zamu. Inasikiliza tu. Ukitaka kupiga, lazima kwanza ibishe hodi.

Mlango wa hodi

Hapa ndipo penyewe. Antene inafungua mlango mdogo wa hodi, tena na tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwenye 4G mlango huo una milio 64 tofauti. Simu yako haijui nani mwingine yuko nje, basi inachagua mlio mmoja kwa bahati tu, kama kura, na kuutuma. Antene ikisikia, kwa mfano, mlio namba 17, inajibu: aliyebisha kwa 17, karibu, taja jina lako mahali hapa. Kama umebisha peke yako kwa 17, umeingia. Kama wawili wamechagua 17, wote wanafikiri wamekaribishwa, wote wanataja jina mahali pamoja, na majina yanagongana. Wanarudi nje kuanza upya.

Tufanye hesabu ya darasani, tuseme milio yote 64 iko wazi kwa watu wote. Simu 10 zikibisha pamoja, kwa wastani 8 ao 9 zinaingia bila kugongana. Ni vizuri. Simu 64 zikibisha pamoja, utafikiri kila moja itapata mlio wake. Hapana: kwa wastani 24 tu zinaingia, sababu zinachagua bila kuonana. Na simu 200 zikibisha pamoja? Kwa wastani zinaingia 9.

Soma tena: watu 200 wakibisha kwa mara moja, wanaoingia ni karibu sawa na wakati walikuwa 10. Wengine wote, karibu 190, wamepiga bure, na wote wanajitayarisha kupiga tena.

Jambo hili halikuvumbuliwa na makampuni ya simu. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, profesa Norman Abramson na wenzake walitaka kuunganisha vyuo vya visiwa mbalimbali na kompyuta moja kubwa kwa njia ya redio. Fikiria Idjwi na mwambao wa ziwa letu, namna hiyo. Waliacha kila kituo kitume wakati kinataka, na kama hakuna jibu, kingoje muda wa bahati kisha kitume tena. Ilifanya kazi, lakini hesabu ilionyesha mpaka wake: kila mtu akijitumia ovyo, hewa haiwezi kubeba zaidi ya 18 kwa mia ya uwezo wake. Ukiweka alama za muda na kila mtu aanze kwenye alama tu, inafika karibu 37 kwa mia. Ukizidisha watu kupita hapo, kinachopita hakiongezeki tena, kinapungua. Mlango wa hodi wa simu zetu ni mtoto wa rezo ile ya Hawaii.

Simu yenyewe inafahamu kanuni ya kungoja. Antene iliyolemewa inaweza kuiambia ingoje muda wa bahati, mpaka karibu sekunde moja kwenye 4G, ili waliogongana wasirudi pamoja. Mashine inavumilia. Mwenye simu ndiye havumilii. Anakata, anapiga tena, anachukua simu ya pili yenye kadi ya kampuni nyingine, anamwambia mtoto naye ajaribu. Kila kubonyeza ni hodi mpya mlangoni.

Usiku wa mlima, siku ya vita

Tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei alfajiri, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 za Goma zihame. Watu karibu 400,000 walitoka: kuelekea Sake, kuelekea Rutshuru, kwa mashua kuelekea Bukavu, wengine wakavuka Rwanda. Kila familia ilikuwa imegawanyika barabarani, na kila mtu alikuwa na mtu wa kutafuta.

Tazama mambo hayo kwa macho ya antene. Antene za Sake ziliwekwa kwa hesabu ya wakaaji wa Sake na wapita njia. Kwa siku moja wanafika watu wa mji mkubwa, wote na simu, wote na jina la kutafuta. Idadi ya milio ya hodi haiongezeki sababu watu wameongezeka. Vyumba vya kuongea navyo vilevile.

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, umeme ulikatika na maji yakakatika pamoja nao. Hapo kuna jambo la pili la kuelewa. Antene inakula umeme. Ikikosa umeme wa mji, inabaki kwenye betri, kisha jenereta kama mazuti iko na kama mtu anaweza kufika kuijaza. Antene moja ikizimika, simu zilizokuwa kwake hazinyamazi. Zinatafuta antene ya jirani na kwenda kubisha huko. Jirani aliyekuwa na simu zake sasa ana za watu wawili. Akizimika naye, wa tatu anabeba zote.

Na umeme ukirudi, usifikiri shida imekwisha mara moja. Antene ikiwaka, simu zote za kartie zinaiona kwa wakati mmoja na zote zinakimbia kujiandikisha upya. Dakika hizo za kwanza zinaweza kuwa mbaya kuliko zote. Ndiyo maana mtu anasema: « Rezo imerudi lakini haina kazi. » Ina kazi, mlango ndio umejaa.

Hapa lazima tuseme wazi jambo moja. Kupanga zamu hakuongezi maji. Kila mtu wa Goma anajua mstari wa bidoni kwenye robine: mstari ukiwa mzuri, hakuna kupigana, na wote wanachota kila tone linalotoka. Lakini robine ikiwa moja kwa kartie nzima, mstari mzuri zaidi utafika tu barabarani. Tukiwaambia wakaaji wavumilie bila kuwauliza makampuni habari ya betri, ya mazuti na ya hesabu ya antene, tutakuwa tunawabebesha mzigo usio wao peke yao.

Satelite haiondoi zamu

Wengine wanasema satelite ndiyo itamaliza shida. Mwezi wa Mei 2025 serikali iliruhusu Starlink kufanya kazi katika nchi yetu, baada ya kuikataza mwaka mmoja mbele. Kwa mahali ambapo hakuna mlingoti wowote, ni msaada mkubwa. Lakini satelite nayo ni sikio moja linalosikiliza watu wengi, na eneo lake la kusikiliza chini ni pana. Watu wengi wakipanda pamoja, zamu inapangwa, na sehemu ya kila mmoja inakuwa ndogo.

Mashirika na hospitali ambazo zimetumia zile sahani kubwa za VSAT zinafahamu. Satelite ile iko kilometa karibu 36,000 juu. Kwenda na kurudi kwa swali na jibu kunakula karibu nusu sekunde, kwa hiyo kituo kikuu kinagawa vipande vya muda, na waliolipa mkataba wa bei nafuu wanagawana mkondo mmoja. Asubuhi ofisi zote zikifungua, unaona barua pepe inatambaa. Usiku inakimbia. Sahani ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya wanaopanda.

Nani anaingia kwanza?

Kuna chombo ambacho watu wachache wanakijua. Kila kadi SIM ya kawaida iko katika kundi moja kati ya makundi 10, kuanzia 0 mpaka 9. Hukulichagua, limetokana na namba iliyo ndani ya kadi. Antene ikilemewa, kampuni inaweza kutangaza hewani: kwa sasa makundi haya yasibishe hodi, mengine yabishe, kisha wanabadilishana. Ni mstari wa bidoni uliopangwa kwa namba. Ukitumiwa vizuri, simu 200 zinakuwa kama 20 kwa kila zamu, na wengi zaidi wanapita.

Juu ya makundi hayo kuna mengine, 11 mpaka 15, ya watu maalumu: watu wa usalama, wa maji na umeme, wa huduma za haraka, na wafanyakazi wa rezo yenyewe. Kadi hizo zinaweza kuruhusiwa kubisha hata wakati watu wa kawaida wamezuiwa. Ni kusema, daktari wa zamu, dereva wa ambulansi, mtu wa Msalaba Mwekundu, mtaalamu wa OVG anayeangalia mlima, wote wanaweza kuwekewa mlango ambao hausongwi. Teknolojia iko ndani ya kanuni za simu duniani tangu miaka mingi. Kinachohitajika ni orodha ya majina, makubaliano, na kadi zenyewe kugawiwa mbele ya hatari.

Lakini chombo hiki kina pande mbili. Anayeweza kufunga makundi matano kwa dakika tano anaweza pia kufunga yote 10 kwa siku nzima, na mkaaji wa kawaida hataona tofauti kwenye kioo cha simu. Hatujasahau mwisho wa Disemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchi nzima kwa siku karibu 20. Kwa hiyo kila zuio la namna hii linapaswa kuwa na kanuni inayojulikana: nani anaamuru, kwa muda gani, na nani anaandika ripoti baadaye. Nchi ina sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 na ina ARPTC, ofisi ya kusimamia makampuni haya. Mahali ambapo mamlaka imegawanyika kwa sababu ya vita, swali la nani anasimamia ni gumu zaidi, na hilo ndilo linalofanya liwe la haraka.

Wanaosababisha bila kujua

Mugongano hauletwi na vita na mlima peke yake. Shirika linatumia watu elfu kadhaa feza kwa simu, wote asubuhi moja, kambi moja. Saa hiyohiyo wote wanabonyeza kuangalia kama feza imeingia, kisha wote wanakimbilia kabini. Mwenye kabini anasema rezo iko chini. Kama shirika lingetuma kwa bloku, bloku moja asubuhi na nyingine mchana, antene ileile ingetosha.

Na sisi wa redio tujitazame pia. Mtangazaji anaposema hewani « laini ziko wazi, piga sasa hivi », ametoa amri kwa watu wote wabishe hodi kwa sekunde moja. Wasikilizaji wanalalamika kwamba hawapiti, wanafikiri tunachagua wenzetu. Ni vizuri zaidi kuita kwa zamu, kartie moja, kisha nyingine, na kuomba mesaje za maandishi kwa wanaobaki. Siku ya hatari, kuwaita watu wapige simu studio kwa wingi ni kosa. Redio ina nguvu moja ambayo simu haina: mtoa sauti ni mmoja, wanaosikia ni wote, na hata wasikilizaji wakiwa laki moja, hawamsongi mtu. Kuisikiliza hakuhitaji njia ya kupanda.

Kujua kama imekatwa ao imejaa

Kabla ya kusema wamekata, angalia alama hizi. Kama rezo imejaa, mara moja kwa majaribio mengi inapita, mesaje za maandishi zinafika zikichelewa, na usiku wa manane mambo yanakuwa mazuri. Kama antene imezimika, alama za rezo zinapungua ao zinapotea kwa kartie yako, na aliye kartie nyingine ana rezo. Kama intaneti imefungwa kwa amri, simu za sauti zinaweza kupita bila shida huku intaneti imekufa, mahali pengi pamoja, mchana na usiku. Ukijua tofauti hiyo, unajua swali la kumuuliza nani, na unaepuka kueneza uvumi ambao nao unawafanya watu wapige simu zaidi.

Mambo ya kupanga nyumbani

Tuma mesaje ya maandishi kuliko kupiga. Mesaje ni fupi, inapita kwenye njia ndogo ya rezo bila kushika chumba cha maongezi, na kama unayemtumia hapatikani, rezo inaiweka na kujaribu tena yenyewe. Lakini hata mesaje inabisha hodi, kwa hiyo andika yote mara moja: tuko wangapi, tuko wapi, tunaelekea wapi, nani hayuko. Mesaje moja ya namna hiyo inashinda kumi za « uko wapi? »

Ikikataa, ngoja dakika mbili ao tatu kisha ujaribu tena. Usibonyeze mfululizo. Betri yako nayo itakushukuru, sababu simu inayobisha bila kuingia inakula umeme mwingi.

Chagueni mtu mmoja wa ukoo aliye mbali na hatari, kwa mfano Kisangani ao Kindu, awe ndiye anayekusanya habari. Kila mmoja anamtumia yeye mesaje moja, na yeye anawajulisha wengine. Familia ya watu 8 ikitafutana kila mmoja na kila mmoja, ni simu 28. Kwa mtu wa katikati, ni mesaje 8 za kupanda.

Zima kupakua video na picha vinavyojifungua vyenyewe. Video ya mlima ao ya askari barabarani inaweza kungoja kesho. Chumba inachokula kinaweza kuwa cha mtu anayetafuta ambulansi.

Maswali ya kupeleka kwa makampuni

Mashirika ya raia, vikundi vya vijana na wakubwa wa kartie wanaweza kupeleka maswali haya matatu kwa kila kampuni inayouza unite hapa kwetu, na kuomba jibu la maandishi.

La kwanza: umeme ukikatika, kila antene ya mji inabaki hewani saa ngapi, na nani ana kazi ya kuijaza mazuti wakati barabara imefungwa?

La pili: madaktari, ambulansi, Msalaba Mwekundu na wanaochunguza mlima wana kadi za kuingia kwanza? Kama hawana, zitagawiwa lini?

La tatu: mkilazimika kuzuia makundi ya kadi, mtawaambia wakaaji namna gani, na nani atahakikisha zuio limeondolewa?

Hakuna swali hata moja hapa linalohitaji mtu awe injinia. Nyiragongo bado ina moto ndani yake, na vita haijaisha. Majibu ya maswali haya yanapaswa kuwa mezani siku ambayo simu bado zinapita.